Paka mwenye vidonda kwenye ngozi: tafuta kwanza sababu, kisha dawa

Ndugu wana-koperative, mu nyumba nyingi za Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, paka hafugwi juu ya urembo. Ana kazi. Wakati mahindi na maharagi ya musimu A yanaingia ndani ya nyumba, na mihogo mikavu inapangwa mu mifuko, panya nao wanaingia. Panya jike wa mashamba anaweza kuzaa watoto 10 ao zaidi kwa mara moja, na hao watoto wanaanza kuzaa kisha miezi michache tu. Mahindi yenye hawakuyakula, wanayachafua na mikojo na mavi. Paka mumoja hawezi kumaliza panya wote, lakini akiwa muzima hawakai kwa raha karibu na depo.

Sasa huyo paka anaanza kujikuna usiku na muchana. Manyoya yanatoka mugongoni. Shingo inakuwa na vidonda, masikio yanakuwa na magamba. Anakonda, hawindi tena. Mara nyingi mutu wa kwanza kutoa shauri ni jirani: mupake mafuta ya gari, mumwangie ile dawa ya kupe ya ng'ombe, mumupe kidonge. Kisha siku mbili paka amekufa, na watu wanasema ni ugonjwa ndio ulimuua. Kumbe mara nyingi ni dawa.

Makala hii inaeleza namna ya kuangalia paka mwenye vidonda, namna ya kutafuta sababu hatua kwa hatua, mambo yenye unaweza kufanya nyumbani bila pesa mingi, na dawa zenye haifai kumugusa paka hata kidogo. Musome pamoja mu mukutano wa koperative, kwa sababu magonjwa mengine kati ya haya yanaambukiza watoto.

Kidonda si jina la ugonjwa

Kidonda ni alama tu. Mutu akikohoa, inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa kifua kikuu. Dawa si moja. Ni vile vile kwa ngozi ya paka. Mara nyingi kidonda chenyewe kinaletwa na makucha na ulimi wa paka: anawashwa, anajikuna, anajilamba kwa nguvu, ngozi inapasuka, kisha vijidudu vya usaha vinaingia. Ukitibu kidonda bila kutibu kule kuwashwa, kitapona leo na kesho kutwa kitarudi pale pale.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nimupake nini?" Swali la kwanza ni "juu ya nini anajikuna?"

Angalia paka wako vizuri, muchana, mahali penye mwangaza

Fanyeni hii kazi watu wawili. Mumoja amufunge paka ndani ya kitenge ao taulo, kichwa na sehemu yenye munaangalia vibaki nje. Mwenye kumushika asimukaze shingo. Mwenye kuangalia afunue manyoya kidogo kidogo, kuanzia masikio mpaka mukia, kisha tumbo na miguu. Ukiwa na mifuko ya plastiki safi, vaa mikononi, kisha nawa na sabuni.

Mahali penye kidonda kiko panaonyesha mengi:

- Mugongoni karibu na mukia, shingoni na tumboni, pamoja na vipele vidogo vigumu kama punje za ulezi chini ya manyoya: fikiri kwanza viroboto.
- Kwenye ncha za masikio, usoni na shingoni, pamoja na magamba mazito ya rangi ya majivu, na paka anajikuna bila kupumuzika: fikiri upele.
- Ndani ya masikio, uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, na paka anatikisa kichwa: fikiri wadudu wa masikio.
- Alama za muviringo zenye manyoya yamekatika, ngozi kavu yenye unga, mara nyingi kwa kichwa na miguu, na pengine haziwashi sana: fikiri choa.
- Uvimbe mumoja wenye moto, unauma, kisha unapasuka na usaha wenye harufu mbaya: fikiri paka alipigana na paka mwingine.
- Kidonda chenye hakiponi kwa ncha ya sikio ao kwa pua ya paka mweupe: fikiri jua.
- Kichwa na shingo vinawasha mwaka wote, hata kama hakuna kirobota wala upele: njo wakati wa kufikiri alerji ya chakula.

Haya ni maelekezo tu, si hukumu. Paka mumoja anaweza kuwa na mambo mawili pamoja. Lakini ukijua mahali pa kuanzia, hautapoteza pesa.

Viroboto, na alerji yenye vinaleta

Alerji ni nini? Mwili uko na walinzi wenye kupigana na maadui kama vijidudu. Kwa wanyama wengine, na kwa watu wengine, hawa walinzi wanakosea: wanaona kitu kidogo kama adui mukubwa, na wanaleta vita vikali. Hiyo vita njo inaleta kuwashwa, wekundu na uvimbe. Kwa paka, kitu chenye kinaleta alerji zaidi kuliko vyote ni mate ya kiroboto. Kiroboto akiuma, anaacha mate kidogo ndani ya ngozi. Kwa paka wa kawaida, inawasha kidogo. Kwa paka mwenye alerji, viroboto vichache tu vinatosha kumufanya ajikune siku nyingi.

Njo maana paka wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na viroboto vile vile, lakini mumoja ana vidonda na mwingine hana kitu. Na njo maana pia mutu anasema "nimeangalia, sioni kiroboto hata kimoja." Paka mwenye kuwashwa anajilamba sana na anavimeza. Kutokuona kiroboto si ushahidi kwamba hakiko.

Kuna kipimo chepesi. Chukua kisanuo chenye meno ya karibu karibu, sanua mugongo wa paka karibu na mukia, kisha tikisa kisanuo juu ya karatasi nyeupe ao kitambaa cheupe chenye maji. Ukiona vipunje vyeusi, ngoja kidogo. Vikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu kama kutu, hayo ni mavi ya viroboto, ni damu ya paka yenye vilikunywa. Vikibaki vyeusi, ni udongo tu.

Jambo lenye watu wengi hawajui ni hili: viroboto vyenye unaona juu ya paka ni sehemu ndogo sana, karibu 5 kwa 100. Vingine vyote viko chini: mayai, funza wadogo, na vile vyenye viko ndani ya kifuko vikingoja. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 kwa siku. Mayai yanaanguka mahali paka analala: kwa mukeka, kwa mifuko ya depo, mu mipasuko ya udongo, chini ya kitanda. Kule ndani ya kifuko, kiroboto kinaweza kungoja miezi. Ndiyo sababu mutu anamusafisha paka leo, na kisha wiki mbili viroboto vimejaa tena. Vita ya viroboto inafanywa zaidi kwenye nyumba kuliko juu ya paka.

Upele na wadudu wa masikio

Upele wa paka unaletwa na wadudu wadogo sana, hawaonekani kwa macho, wenye kuchimba ndani ya ngozi. Unaanzia kwa ncha za masikio, unashuka usoni, shingoni, kisha miguuni na wakati mwingine karibu na mukia, kwa sababu paka analala amejikunja. Ngozi inakuwa nene, yenye mikunjo, na magamba ya rangi ya majivu. Paka anajikuna mpaka damu. Bila dawa anakonda na anaweza kufa. Unaambukiza haraka kutoka paka mumoja mpaka mwingine; kwa hiyo ukitibu mumoja, tibu paka wote wa nyumba siku moja. Watu wanaoushika pia wanaweza kupata vipele vyekundu vya kuwasha kwa mikono na tumbo. Kwa kawaida vinaisha vyenyewe wakati paka amepona.

Wadudu wa masikio hawaui, lakini wanasumbua. Paka anajikuna nyuma ya sikio mpaka panatokea kidonda, na watu wanatibu kidonda bila kuangalia ndani ya sikio. Usiingize kijiti ndani. Futa tu kwa nje na kitambaa laini, na uombe dawa kwa veterineri.

Choa: huu ugonjwa unaingia mu watoto

Choa haiko mududu. Ni aina ya ukungu wenye kuota kwa ngozi na manyoya. Inapatikana zaidi kwa paka wadogo na kwa wale wenye kukonda. Paka anaweza kuibeba bila alama yoyote. Watoto wenye kucheza naye wanapata alama za muviringo kwa mikono, uso ao kichwani, na nywele zinakatika. Ukiona mutoto na paka wana alama za kufanana, usingoje: mutoto aende kituo cha afya, na paka aonyeshwe kwa veterineri. Kutibu mumoja na kuacha mwingine ni kazi bure.

Mbegu za choa zinaweza kuishi ndani ya nyumba zaidi ya mwaka, ndani ya manyoya yenye yameanguka. Kwa hiyo fagia, choma manyoya, fua vitambaa na maji ya moto, anika kwa jua kali. Sakafu ya sima na vyombo vinaweza kuoshwa na Javel, sehemu 1 ya Javel kwa sehemu 10 za maji. Javel ni ya vitu. Usimuoshe nayo paka.

Tahadhari kubwa: mu farmasi nyingi kuna pomade zenye kotikoidi, zile zile zenye watu wengine wanajipaka juu ya kuchubua ngozi. Zinapunguza kuwashwa siku mbili tatu, mutu anafurahi. Lakini kama ni choa, zinaipatia nguvu, na inaenea. Paka naye analamba pomade yote.

Jipu la kupigana, na jua

Paka dume wanapigana usiku. Jino la paka ni jembamba kama sindano: linaingiza uchafu ndani, na tundu la juu linafunga haraka. Kisha siku 2 mpaka 4 panavimba, paka ana homa, hakuli. Kama limepasuka lenyewe, osha na maji ya chumvi mara mbili kwa siku na uache tundu wazi, usaha utoke. Kama halijapasuka, ao paka amelegea, anahitaji veterineri na antibiotike yenye kupimwa kwa uzito wake. Paka dume mwenye kuhasiwa anapigana kidogo sana na hatembei mbali. Veterineri akija kijijini, mumuulize pia juu ya hiyo.

Kwa paka wenye masikio meupe na pua nyeupe, jua la huku kwetu milimani linaunguza ngozi. Inaanza kwa wekundu na magamba, kisha kidonda kidogo chenye hakifungi. Kinaweza kuwa kansa. Kidonda cha ncha ya sikio chenye kimepita mwezi bila kupona, usiendelee kukipaka vitu. Kikionwa mapema, veterineri anaweza kukata ile ncha na paka akaishi.

Kuna pia paka wenye alerji ya kuumwa na imbu. Vidonda vinatokea kwa pua na kwa masikio, mahali penye manyoya kidogo. Paka akilala ndani ya nyumba tangu jioni, vinapungua. Hiyo yenyewe ni kipimo kizuri.

Nini ya kufanya nyumbani: mupango wa wiki 12

Siku ya kwanza:

1. Kata manyoya yenye yameshikana na kidonda, kwa mukasi, polepole.
2. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, acha yapoe mpaka yawe ya vuguvugu. Osha kidonda na kitambaa safi. Rudia mara mbili kwa siku. Usitie pombe, wala ndimu, wala majivu, wala betri.
3. Muzuie asijilambe. Kata kartoni ao bidon ya plastiki ya lita 5 kama mufuniko wa kuzunguka shingo, ukifunika ukingo wake na kitambaa ili usimukate. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Hakikisha anaweza kula na kunywa.
4. Sanua paka na kisanuo cha meno ya karibu, ukichovya kisanuo mu maji yenye sabuni ili viroboto vife. Fanya hivyo kila siku.

Kila wiki:

5. Fua matambara yote ya mahali paka analala, na maji ya moto, anika kwa jua.
6. Ondoa vitu, fagia pembe zote, chini ya vitanda na nyuma ya mifuko ya depo. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyizia maji kidogo mbele ya kufagia ili vumbi isiruke. Takataka ichomwe ao izikwe mbali, isibaki mulangoni.
7. Kama kuna imbwa ndani ya lupango, naye asanuliwe. Viroboto vya paka vinakaa pia juu ya imbwa.

Endelea wiki 8 mpaka 12, hata kama paka anaonekana amepona kwa wiki ya tatu. Ni kwa sababu ya vile viroboto vyenye bado vinangoja ndani ya vifuko. Mwenye kuacha katikati anaanza tena kwa moja.

Mumupe pia chakula cha kweli. Paka haiko mbuzi. Mwili wake hauwezi kukaa bila nyama ao samaki. Bukari peke yake inamuacha na ngozi kavu na vidonda visivyopona haraka. Vichwa vya samaki, sambaza kidogo, matumbo ya kuku yenye kupikwa, yai, vinasaidia. Musimunyime chakula mukifikiri njaa itamufanya awinde zaidi. Paka mwenye njaa na ugonjwa hana nguvu ya kukimbiza panya.

Dawa zenye zinaua paka

Hii sehemu isomwe mara mbili. Ini la paka halifanyi kazi kama la mutu, la ng'ombe ao la imbwa. Kuna dawa zenye wengine wanazitoa mu mwili haraka, lakini kwake zinabaki na zinamuua. Tena paka anajilamba: kila kitu chenye unamupaka, atakula.

- Dawa yenye permetrini, hata kama imeandikwa "ya imbwa". Paka anaanza kutetemeka, anaanguka, anakufa. Angalia pia ule unga wa kuhifadhi mahindi na maharagi: mwingine una permetrini ndani. Usimumwangie paka, na usimuache alale juu ya mifuko yenye imetoka kutiwa dawa.
- Dawa za kupe za ng'ombe na mbuzi, zile za kupuliza ao za kuogeshea. Hata ukiongeza maji mengi, kipimo chake hakikufanywa kwa paka.
- Mafuta ya gari yenye yametumika, mafuta ya taa, mazuti. Yanaunguza ngozi, na paka akiyalamba yanaharibu mapafu na tumbo.
- Paracetamol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua paka mukubwa. Uso unavimba, ufizi unakuwa wa rangi ya udongo, hapumui vizuri. Ibuprofen na diclofenac nazo ni hatari.
- Krezili na dawa nyingine za kuoshea vyoo.

Na ivermectin? Hii ni dawa nzuri, na maveterineri wanaitumia kwa upele wa paka. Shida ni kipimo. Ile ya sindano ya ng'ombe, ya 1 kwa 100, ina miligramu 10 ndani ya mililita 1, na mililita 1 inatosha munyama wa kilo 50. Paka wa kilo 3 anahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, tone chache tu. Seringe ya kawaida ya ng'ombe haiwezi kupima hiyo. Kosa dogo la mukono linakuwa mara kumi ya kipimo. Paka wadogo wanaweza kufa hata kwa kidogo. Kwa hiyo aipime veterineri, na mara nyingi atairudia kisha wiki mbili.

Fipronil ya paka, yenye kupatikana kwa maveterineri wengine wa muji, inasaidia sana kwa viroboto. Lakini ni sumu kwa sungura. Wenye kufuga sungura wasiiweke karibu na vibanda, na paka mwenye amepakwa asilale na sungura.

Kama paka amekwisha kupakwa kitu kibaya: muoshe mara moja na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mukaushe, mufunike asipate baridi, na mumupeleke kwa veterineri pamoja na chupa ya hiyo dawa. Musimulazimishe kunywa maziwa ao mafuta. Yanaweza kuingia mu mapafu.

Alerji ya chakula: iangaliwe mwisho, si mwanzo

Watu wengine wakisikia neno alerji wanafikiri mara moja ni chakula. Inawezekana. Vyakula vyenye vinaleta alerji zaidi kwa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, maana yake ni vile vyenye amekula muda murefu. Alerji haitokei kwa chakula kigeni peke yake. Inaweza kuanza kwa sambaza yenye amekula miaka miwili bila shida.

Hakuna kuangalia kwa macho kwenye kunaweza kuonyesha alerji ya chakula. Njia ya kweli ni moja: kumupa paka nyama ya aina moja yenye hajawahi kula, kwa mufano sungura, bila kitu kingine, kwa wiki 8. Kama anapona, unamurudishia chakula cha zamani. Kama kuwashwa kunarudi kisha siku chache mpaka wiki mbili, umepata sababu. Hapo unaondoa hicho chakula.

Lakini tuseme ukweli: paka wa kijijini anakula panya, anaiba sambaza kwa jirani, anapewa masalio ya mezani. Ili kipimo kiwe na maana, lazima afungiwe ndani wiki zote 8, na nyama ya sungura iko na bei. Ndiyo maana tunasema iwe mwisho. Maliza kwanza viroboto, upele na choa. Wengi wanapona hapo, na hakuna haja ya kununua sungura. Kama mutaamua kujaribu, mufanye pamoja na veterineri, ili asiwe amekosa kitu chenye mwili wake unahitaji.

Wakati gani usingoje

Mumupeleke paka ao mumuite veterineri kama: hakuli siku mbili, ufizi umekuwa mweupe, kwa sababu viroboto vingi vinaweza kumaliza damu ya paka mudogo, kidonda kinanuka ao kinapanuka, anatetemeka, ao mumefanya kazi ya nyumbani wiki 4 na hakuna mabadiliko.

Safari moja ya veterineri mpaka kijijini ina bei, na wengi wanaona haifai juu ya paka mumoja. Hapa koperative inaweza kusaidia. Andikeni orodha ya paka na imbwa wote wenye shida, kisha muombe veterineri mumoja aje siku ya mukutano ao siku ya kuchanja imbwa. Bei ya safari inagawanywa. Habari ya maveterineri wenye kutambuliwa mu territoire yenu munaweza kuuliza kwa ofisi ya IPAPEL, yenye kuhusika na kilimo, uvuvi na ufugaji mu jimbo letu.

Neno la mwisho juu ya watu. Paka mwenye maumivu anauma na kukwaruza, hata kama ni mupole. Mutu akiumwa ao akikwaruzwa, aoshe mahali pale na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Ugonjwa wa wazimu wa imbwa upo huku kwetu, na paka naye anaweza kuubeba. Ukishaonyesha alama kwa mutu, hakuna dawa tena. Paka mwenye amebadilika tabia ghafula, anauma bila sababu, sauti imegeuka, mate yanatoka na hawezi kumeza: musimushike, hata kama ana vidonda vyenye munataka kutibu. Muwaondoe watoto, mumufungie mulango, na muite veterineri.

Kwa kifupi: angalia kwanza, sanua na karatasi nyeupe, safisha nyumba wiki 12, osha kidonda na maji ya chumvi, usimupake chochote cha ng'ombe wala cha gari, na umuulize veterineri mbele ya sindano. Mavuno yenu yanangoja mulinzi wake arudi kazini.